Swali Nililolizima: Kutafakari Katika Kufundisha na Kusoma

(Maandishi ya mada iliyotolewa mbele ya vijana wa madrasa na shule za upili)



Ndugu zangu, dada zangu, shukran kwa kuja. Najua Jumamosi asubuhi ni wakati wa mpira, wa kazi za nyumbani, na kwa wengine ni wakati wa usingizi tu. Waandalizi waliniomba nizungumze juu ya nafasi ya tafakuri katika kufundisha na kusoma. Mwanzo niliona mada ni nyepesi. Nikakaa chini nikaandika: tafakuri ni jambo muhimu sana, tafakuri ina faida zifuatazo. Nilipofika ukurasa wa pili nikaona nadanganya watu. Manake mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi bila kutafakari. Nikairarua ile karatasi. Kwa hivyo leo nitaanza na jambo ambalo silipendi kulisema.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na mwisho wa wiki nasomesha madrasa. Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa na darasa la kidato cha pili, shule moja hapa hapa pwani. Siku hiyo somo lilikuwa bahari, kujaa na kupwa kwa maji. Nilikuwa na noti zangu, karatasi zishageuka manjano, nilizonakili mwenyewe nilipokuwa chuo. Nikaandika ubaoni kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mvuto wa mwezi na jua. Wanafunzi wakanakili. Nikaanza kuandika kichwa cha somo linalofuata.

Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. Alikuwa mtoto wa mvuvi, na likizo zote alikuwa anaingia baharini na babake. Akasema, "Mwalimu, mwezi unapita juu yetu mara moja kwa siku. Lakini maji yanajaa mara mbili. Sasa hii mara ya pili yanavutwa na nani?"

Hebu tulieni kidogo na swali hilo. Nyote mmelelewa karibu na bahari hii. Mnajua maji yakijaa asubuhi, jioni yanajaa tena. Mwezi wenyewe mnajua unachomoza mara moja. Umewahi kujiuliza? Mimi sikuwahi, na nilikuwa na shahada ya Jiografia.

Yule mtoto hakulitoa swali lile kitabuni. Alichukua alichokiona baharini kwa macho yake, akakiweka kando ya kile nilichoandika ubaoni, akaona havilingani, akauliza. Ndugu zangu, tafakuri tuliyokuja kuizungumzia leo ndiyo ile. Ilisimama mbele yangu ikiwa na shati lililokosa vifungo viwili.

Nami nilifanya nini? Jibu sikuwa nalijua. Na mwalimu kijana, mbele ya wanafunzi arubaini na kitu, hataki kusema sijui. Nikamwambia, "Wewe unataka kuvua samaki ama kupita mtihani? Andika." Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka. Akakaa, akaandika.

Hakuuliza tena. Si kwangu tu, nasikia hata kwa walimu wengine alinyamaza. Mwaka uliofuata, muhula wa kwanza, akaacha shule. Sitaki kujikweza hata kwenye makosa nikasema aliacha kwa sababu yangu peke yangu. Karo ilikuwa haijalipwa, na babake alikuwa ameanza kuugua. Lakini mtoto mwenye sababu kumi za kuondoka huwa anahitaji moja ya kubaki. Sababu yake ya kubaki ilikuwa mkononi mwangu, nami niliifanyia mzaha.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo huniuma zaidi. Kila mwalimu hapa Kenya ana andalio la somo. Mnaliona tu mezani, hamjui ndani mna nini. Mna tarehe, mada, shabaha za somo, vifaa, hatua za kufundisha, na mwisho kabisa kuna nafasi ndogo ya mwalimu kujitathmini. Yaani afunge mlango, akae, ajiulize somo limeendaje. Ile nafasi imewekwa makusudi kwa ajili ya tafakuri. Siku ile niliandika, "Somo limeeleweka vyema." Na jana yake niliandika hivyo hivyo. Na juzi yake. Ukinipa maandalio yangu ya miaka ile mitano ya kwanza, utadhani mimi ndiye mwalimu bora Afrika Mashariki nzima, kila siku somo limeeleweka vyema! Walimu mlioko hapa naona mnacheka. Mnajijua.

Kwa hivyo tusidhani tatizo ni kukosa mpango. Mpango upo. Kuna mradi ulioanza nchini mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili, walimu wengi wanaujua kwa jina la SMASSE. Ulianza kwa wilaya chache za majaribio, kisha mwaka 2003 ukapanuliwa nchi nzima. Moyo wake ulikuwa mzunguko wa mambo manne: panga, tenda, tazama, boresha. Mawili ya kwanza tunayafanya sote. Kutazama na kuboresha ndiko kunakotushinda. Wajapani wenyewe wana desturi ya zamani ambayo napenda sana: mwalimu mmoja anafundisha, wenzake wanakaa nyuma ya darasa. Na hawamtazami mwalimu! Wanatazama wanafunzi. Nani amekunja uso, nani ameacha kuandika, nani alitaka kuuliza akashusha mkono. Baada ya hapo wanakaa pamoja wanalizungumza lile somo kama mafundi wanavyozungumza juu ya injini. Hawamsuti mtu. Lau siku ile kungekuwa na mwenzangu mmoja amekaa nyuma, angeniambia, "Maalim, yule mtoto umemzima."

Na hata mtaala huu wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unataka mtoto ajifunze jinsi ya kujifunza, afikiri, atatue tatizo. Maneno mazuri. Wazazi wamelalamika kuhusu gharama na kazi za ziada, na malalamiko mengine ni ya haki. Mimi hofu yangu ni nyingine. Mtaala unaweza kuandikwa upya kwa siku moja na mwalimu akabaki yule yule, na noti zile zile za manjano.

Sasa wengine mtasema, maalim, haya mambo ya kutafakari ni ya Wazungu. Ni kweli kuna Mmarekani, John Dewey, aliandika kitabu kizima juu ya namna tunavyofikiri, mwaka 1910, akakifanyia marekebisho 1933. Yeye alisema kufikiri huanza pale mtu anapotatizika, anapokutana na kitu kisicholingana na anachokijua. Mwingine, Donald Schön, mwaka 1983 alieleza kwamba fundi hodari hutafakari mara mbili, mkono ukiwa kazini na baada ya kazi kwisha. Nawaheshimu wote wawili. Lakini sisi jambo hili tulilipata mapema zaidi, tukaliweka kabatini.

Chukua kisa mnachokijua nyote. Mtu aliingia msikitini akaswali, akaja kumsalimia Mtume, swallallahu alayhi wasallam. Akaambiwa arudi akaswali, kwa kuwa hajaswali. Akarudi, akaswali vile vile. Akaambiwa tena. Mara tatu! Mpaka mwenyewe akasema kwamba hawezi kufanya bora kuliko hivyo, basi afundishwe. Hapo ndipo akafundishwa, hatua kwa hatua, rukuu kwa utulivu, sijida kwa utulivu.

Kisa hiki tunakisoma kwenye masomo ya twaha na utulivu wa swala, na ni sawa. Lakini kitazameni kwa jicho la mwalimu. Kwa nini hakuelekezwa mara ya kwanza tu? Ingekuwa rahisi. Mimi ningemwambia pale pale, umekosea hapa na hapa, nenda. Na angesahau kufika mlangoni. Badala yake alirudishwa kwenye kazi yake mwenyewe, akapewa nafasi aitazame, mpaka akafika mahali pa kujua kwamba hajui. Jibu lilikuja likakuta mlango uko wazi. Na alipofika hapo hakuchekwa. Hilo ndilo lililonikosa mimi.

Na kisa kingine, cha Abdullah bin Umar. Mtume aliwauliza masahaba juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki, mfano wake ni kama Muislamu. Watu wakawa wanataja miti ya jangwani. Ibn Umar alikuwa mdogo, moyoni alijua ni mtende, lakini aliona wakubwa wamenyamaza akaona haya kusema. Baadaye akamwambia babake, na Umar akasikitika, akaona lau mwanawe angelisema lingekuwa na thamani kubwa kwake. Mnaona? Mwalimu bora kuliko wote alianza na swali, akaacha watu wafikirie. Na mnaona pia kwamba kuna mtoto alikuwa na jibu na haya zikamfunga mdomo. Katika kila darasa, na hata hapa ukumbini leo, kuna Ibn Umar wawili watatu wamekaa kimya. Dada zangu, hasa nyinyi.

Nataka niseme jambo juu ya kuhifadhi, manake najua likitoka hapa bila kusemwa litaenda mtaani limepinda. Sisemi hifdhi ni mbaya. Anayesema hivyo hajui anachosema. Mimi nimehifadhi kwa ubao na wino, na hadi leo usiku usingizi ukikataa nilichohifadhi nikiwa na miaka minane ndicho kinachonishika mkono. Imepokewa kwamba masahaba walikuwa wakisoma aya kumi, hawazivuki mpaka wajue maana yake na kuzifanyia kazi. Kwa hivyo walihifadhi na wakafikiri, vyote viwili. Sisi tumechukua nusu ya desturi yao tukaiita desturi nzima.

Ibn Khaldun aliliona hili zamani. Katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, anawazungumzia wanafunzi wa Maghribi waliokuwa wanakaa kwenye vikao vya elimu miaka na miaka wakiwa kimya, hawajadili, hawaulizi, hima yao yote iko kwenye kuhifadhi kupita kiasi. Akitakiwa ajadili au afundishe, mtu anakwama. Anasema kule Maghribi muda wa mwanafunzi kukaa madrasa ulikuwa miaka 16, wakati Tunis ulikuwa miaka mitano. Na sababu anayoitoa ni ubovu wa njia ya kufundisha, si uzito wa akili zao. Njia nyepesi ya kuipata elimu, kwa maoni yake, ni kufungua ulimi, kujadiliana. Miaka zaidi ya mia sita imepita. Ukimchukua leo ukamkalisha nyuma ya darasa langu la mwaka ule, angetikisa kichwa.

Naye Imam al-Ghazali ana kisa ambacho nakipenda kwa sababu kinamhusu yeye mwenyewe. Alikuwa anarudi nyumbani kutoka masomoni, wanyang'anyi wakauvamia msafara. Akamfuata mkubwa wao akamuomba amrudishie kitu kimoja tu, noti zake, ndizo zenye elimu aliyoisafiria. Yule mnyang'anyi akamcheka. Vipi unadai una elimu, na sisi tukikuchukulia karatasi unabaki bila kitu? Akamrudishia. Al-Ghazali akakaa miaka mitatu akizihifadhi noti zake zote. Wengine husimulia kisa hiki kusifu kuhifadhi, na kina haki hiyo. Mimi kinachonishangaza ni kwamba alimsikiliza jambazi! Mwanafunzi wa elimu amechekwa na mwizi njiani, na badala ya kumlaani akajiuliza: je, si kweli?

Huyo huyo ndiye aliyekuja kuandika Ihya, vitabu arubaini ndani ya kitabu kimoja. Cha 38 kinahusu kujichunga na kujihesabu nafsi, na cha 39 ndicho cha kutafakari. Angalieni mpangilio wake. Kujihesabu kumekuja kabla ya kutafakari. Na anamfananisha mtu na mfanyabiashara mwenye mshirika: asubuhi mnawekeana masharti, mchana unamchunga, jioni mnafungua daftari. Watu wa maduka mnaelewa. Jioni huwezi kuandika kwenye daftari "biashara imeenda vyema" ukafunga. Unahesabu. Unga umetoka ngapi, pesa ziko wapi, nani amekopa. Sasa mbona biashara ya unga tunaihesabu na biashara ya akili za watoto tunaandika "somo limeeleweka vyema"?

Hapa kwetu pia hatukukosa watu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947, alitoa jarida dogo la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Aliandika kwa Kiswahili watu wake wamuelewe, na kazi kubwa aliyoifanya ni kuwauliza Waislamu wa pwani maswali juu ya hali yao wenyewe. Kwa nini tumebaki nyuma? Watoto wetu wanasoma nini? Wengi hawakumpenda kwa hilo. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alikuwa mwalimu wa shule kule Zanzibar kabla ya kuwa Kadhi Mkuu hapa kwetu, na tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969. Watu waliokuwa wanasoma bila kufahamu wakaweza kukaa na maana. Mwalimu na mwanafunzi wake, kila mmoja kwa njia yake, walitaka watu wasisome wakiwa wamelala.

Sasa nije kwenu nyinyi wanafunzi, manake mpaka hapa nimewasema walimu na nyinyi mmefurahi.

Karatasi ya mtihani ikirudi mnafanya nini? Unaangalia alama. Ikiwa nzuri unamuonyesha mwenzako, ikiwa mbaya unaikunja. Basi, hayo ndiyo mazishi yake. Mimi siku hizi nawaambia wanafunzi wangu wawe na daftari moja la makosa. Kila swali ulilokosa, andika ni kosa la aina gani: sikulijua kabisa, nililijua nikasahau, au nililijua ila sikuelewa nilichoulizwa. Wengi wanagundua kwamba kundi la tatu ndilo kubwa, na walikuwa wanakesha kuhifadhi zaidi wakati dawa yao ilikuwa ni kusoma swali polepole. Kijana mmoja aliniletea daftari lake mwezi wa pili akasema, "Maalim, mimi si mzito, mimi nina haraka." Hilo sikumfundisha mimi.

Na ukimaliza kusoma, funga kitabu, umueleze mdogo wako au mama jikoni. Utakapokwama ndipo ulipokuwa unajidanganya. Mama hata kama hakusoma shule atakuuliza swali litakalokutoa jasho.

Kuhifadhi bila kufikiri kunaweza kukugharimu nje ya darasa pia. Tuliwahi kufanya darasa la vijana juu ya Kipengele cha 49 cha Katiba ya 2010, haki za mtu aliyekamatwa. Kuna kijana alikihifadhi kama sura. Uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mashallah, tukampigia takbir. Dada mmoja akamuuliza, "Na ukikamatwa Ijumaa jioni?" Akanyamaza. Saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, mahakama imefungwa. Atatoka? Atadai wamevunja sheria? Kipengele hicho hicho kina maneno ya mbele yake: saa 24 zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo si ya mahakama, basi ni mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa kawaida hiyo ni Jumatatu. Aliyekuwa amehifadhi saa 24 tu angefanya fujo kituoni usiku wa Jumamosi kwa haki ambayo muda wake haujafika, na mamake angelala mlangoni pa kituo akisubiri kisichokuja. Swali la yule dada lilikuwa na faida kuliko takbir yetu.

Na simu. Klipu inaingia kwenye group, dakika mbili, sheikh anapaza sauti ama mtu analia, na wewe hujamaliza kuitazama ushaipeleka group tano. Sitawahubiria juu ya hilo, mnajijua. Ila nawaomba mfikirie: aliyezoea kunakili ubaoni bila kuuliza, atajifunza wapi kusimama kabla ya kusambaza? Tumewafundisha sisi kunakili.

Nirudi kwa yule kijana, manake mmekaa mnamsubiri.

Swali lake lilikaa na mimi. Miaka mingi nililikimbia, kisha siku moja mwanangu mwenyewe akaniuliza kitu nikamjibu kwa mzaha ule ule, kwa sauti ile ile, na nikaona uso wake. Usiku huo sikulala. Nikatafuta jibu. Kumbe ni hivi: mwezi unavuta kila kitu, lakini unavuta zaidi kilicho karibu nao. Maji ya upande unaoutazama mwezi yanavutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, yanainuka. Dunia nayo inavutwa zaidi kuliko maji yaliyo upande wa nyuma yake, kwa hivyo yale yanabaki nyuma, yanainuka nayo. Vilima viwili vya maji, na dunia inajizungusha katikati. Ndiyo maana mara mbili. Na mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi na dunia vinakaa kwenye mstari mmoja, mvuto unasaidiana, mnapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu.

Nikamtafuta. Ilichukua muda. Nikamkuta kwenye diko la samaki, mtu mzima sasa, ana ndevu, ana mashua yake na watoto wawili. Akanitambua, akanipokea kwa heshima, "Mwalimu, karibu." Akaniletea dafu. Nikamwambia nimekuja kujibu swali lako. Mwanzo hakukumbuka, ama alijifanya hakumbuki. Nikachora mchangani, nikaweka nazi iwe dunia na ndimu iwe mwezi, nikamueleza. Alitazama kimya. Halafu akasema, "Kwa hivyo halikuwa swali la kijinga?"

Baada ya miaka kumi na moja, hilo ndilo alilotaka kujua. Nikamuomba msamaha pale pale, wavuvi wenzake wakiangalia. Nikasema hadharani kwa sababu hadharani ndipo nilipomcheka.

Nikamuomba kitu kimoja zaidi, aje darasani kwangu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaja, na kanzu yake safi, akasimama mbele ya kidato cha pili. Akawaambia yeye hana kalenda ya bamvua, anahesabu tarehe za mwezi mwandamo: mwanzo wa mwezi na katikati ya mwezi, maji ni makubwa. Watoto wakaanza kumuuliza, na alipokuwa hajui akasema sijui. Nilijifunza hapo.

Tukaamua tusiishie kwa maneno. Kwa mwezi mmoja wanafunzi walipokezana kwenda gatini na chaki, wakiweka alama kwenye nguzo maji yanapofika juu kabisa, na kuandika saa. Mwisho wa mwezi tukatandaza jedwali mezani. Hakuna aliyewaambia watafute nini. Wakaona wenyewe kwamba kila siku maji yanachelewa kujaa kwa kama dakika hamsini hivi. Wakabishana, wengine wakasema ni makosa ya saa. Kukawa kimya kirefu, na wallahi ulimi wangu uliwasha, lakini nikajizuia. Kisha msichana mmoja, kwa kawaida hazungumzi, akasema polepole, "Mwalimu, hata mwezi kila siku unachelewa kuchomoza."

Kwenye andalio la siku ile, nafasi ya mwisho, niliandika kwamba wanafunzi saba hawakusema neno, na nikaandika majina yao.

Nimemaliza. Sasa ni zamu ya maswali, na tutaanza na waliokaa nyuma.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.